Sura ya Sita: Gari la Kulala na Mafuta ya Chipsi

Wamarekani wengi waliochoshwa na kodi za nyumba wamejaribu kufunga ndoto mbili katika gari moja. Ndoto ya kwanza ni kulala ndani ya gari lenyewe, vani yenye ukubwa wa Haisi au zaidi, ili tarehe mosi ya mwezi isiwe tena siku ya hofu. Ya pili ni kuliendesha gari hilo kwa mafuta ambayo mgahawa umeshayakaangia viazi na kuku, ukawa unatafuta pa kuyatupa. Aliyezipata zote mbili hulala bila kulipa pango na husafiri bila kuingia sheli.

Nawaheshimu watu hawa, tena sana. Wameuliza swali ambalo wengi wetu hatuthubutu kuliuliza: mtu anahitaji kiasi gani ili aishi? Lakini kadiri nilivyozifuatilia habari zao, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ndoto hizi mbili zinavutana. Anayeishi kwa nafuu ndani ya gari huendesha kidogo. Anayeendesha kwa mafuta ya chipsi anahitaji uwanja, mapipa na muda, na hivyo ni vitu ambavyo kwa kawaida huja pamoja na nyumba.

Tuanze na pango, maana ndiko pesa iliko.

Bob Wells alikuwa mfanyakazi wa duka la vyakula mjini Anchorage, Alaska. Mwaka 1995, baada ya ndoa kuvunjika, mshahara wake haukutosha tena kuitunza familia aliyoachana nayo na kujilipia pango mahali pengine. Akanunua lori dogo kuukuu lenye bodi ya sanduku, akahamia ndani yake. Amesimulia mwenyewe kwamba usiku wa kwanza alilala akilia. Miezi ikapita, akagundua kwamba mwisho wa mwezi pesa inabaki mfukoni, jambo ambalo hakuwahi kulizoea. Miaka kumi baadaye alikuwa akiwafundisha wengine, na hatimaye kila majira ya baridi watu wenye magari ya kulala wakawa wanakusanyika naye katika jangwa la Quartzsite, Arizona. Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, na filamu ya Chloé Zhao iliyotokana na kitabu hicho ikatwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Wells yumo katika filamu hiyo, akiwa ni yeye mwenyewe.

Wengi waliokwenda Quartzsite hawakuwa vijana wanaotafuta upepo. Walikuwa watu wa miaka sitini na sabini, waliopoteza nyumba au akiba katika msukosuko wa uchumi wa 2008, wenye pensheni isiyotosha kulipa pango. Hufanya vibarua vya msimu: kuvuna viazisukari, kusimamia kambi za watalii, kupanga mizigo kwenye maghala kabla ya Krismasi. Baridi ikianza huko kaskazini, huteremka jangwani.

Siri ya jangwa lile ni ardhi ya umma. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu anaruhusiwa kukaa siku 14 bila malipo, kisha ahame. Karibu na Quartzsite kuna maeneo maalumu ambako kibali kimoja humruhusu mtu kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, na kwa miaka mingi ada yake imekuwa dola 180. Miezi saba kwa dola 180, wakati katika miji mingi ya Marekani nyumba ya chumba kimoja hupita dola 1,000 kwa mwezi mmoja. Joto la kiangazi likifika, wanapanda milimani. Kwa hiyo safari ndefu ni mbili kwa mwaka, na katikati yake gari huenda mjini kuchukua maji, chakula na barua, basi.

Ken Ilgunas alikwenda mbali zaidi kwa kutokwenda popote. Mwaka 2009 alinunua Ford Econoline ya 1994 kwa dola 1,500 ili asome shahada ya pili Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, bila kukopa tena, kwa kuwa alikwisha kuonja uchungu wa deni la shahada ya kwanza. Aliegesha chuoni, akapikia ndani kwa jiko dogo, akaoga kwenye ukumbi wa mazoezi, akasoma maktaba. Alimaliza mwaka 2011 bila deni. Gari lake lilikuwa la petroli na halikumgharimu sana, kwa sababu halikutembea.

Sasa tupige hesabu. Chukua vani inayokula lita 12 kwa kilomita 100. Mkazi wa jangwani akitembea kilomita 500 kwa mwezi, atachoma lita 60. Katika miaka ya karibuni dizeli Marekani imekuwa ikizunguka dola moja kwa lita, kwa hiyo ni kama dola 60. Hata akipewa mafuta bure maisha yake yote, anaokoa dola 60, wakati kwa kuacha pango ameokoa 1,000. Ndiyo maana nasema mafuta mbadala si moyo wa maisha nafuu garini. Ni jambo la msafiri.

Na kwa msafiri, jambo lenyewe lina historia inayogusa bara letu kuliko watu wanavyofahamu. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikitembea kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa: makoloni yake ya Afrika yalikuwa na karanga tele, na kama injini zingeweza kuzitumia, makoloni yangejiendesha bila kuletewa makaa ya mawe wala mafuta kutoka nje. Injini ile ilifanya kazi bila kubadilishwa chochote, na wengi waliopita mbele yake hawakujua inakunywa nini.

Mwaka 1937, Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya njia ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa alkoholi ili yawe mepesi kama dizeli. Aliyafikiria mawese ya Kongo. Mwaka uliofuata basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Kwa maneno mengine, dizeli ya mimea inayouzwa leo kama kitu kipya ilizaliwa kutokana na michikichi ya Kongo, na waliopanda basi lile hawakuwa Wakongo. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Chavanne alikuwa akipambana na tatizo lile lile linalomkabili mwenye vani leo: uzito. Mafuta ya kupikia ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli, na kuyapitisha kwenye nozeli yakiwa baridi ni kama kumlisha mtu ugali kwa mrija. Nozeli hutakiwa kurusha ukungu, ikarusha matone. Matone hayaungui yote, hubaki masizi magumu kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni. Ringi zikishika, mafuta hupenya chini na kuingia kwenye oili ya injini, na oili iliyochanganyika na mafuta ya mimea inaweza kuganda ikawa kama lami. Injini ikifika hapo haiponi kwa kubadilisha filta.

Dawa ni mbili. Moja ni ile ya Chavanne: kuyabadili mafuta yenyewe. Siku hizi hutumika methanoli, kama lita 20 kwa lita 100 za mafuta, pamoja na kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Gliserini huzama chini na dizeli ya mimea huelea juu. Injini ya kawaida ya zamani huikubali dizeli hiyo, ila mipira ya asili ya kupitishia mafuta hulainika na kuvuja, lazima ibadilishwe. Methanoli ni sumu ya kweli: hupenya ngozini, hupofusha macho, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Kuichanganya ndani ya gari unalolala ni kuhatarisha roho, na simshauri mtu yeyote.

Dawa ya pili ni kuyapasha moto. Gari hufungwa tangi la pili kwa ajili ya mafuta ya kupikia, na maji ya moto ya rejeta hupitishwa ndani ya tangi hilo na kandokando ya paipu. Unawasha kwa dizeli. Injini ikipata joto na mafuta yakafika nyuzi 70 au 80, unageuza valvu na kuhamia tangi la pili. Kabla ya kuzima, unarudi kwenye dizeli kwa dakika chache ili kuosha pampu na nozeli. Anayesahau kuosha, kesho yake asubuhi hukuta injini haiwaki.

Tazama jambo moja hapo. Mfumo huu unataka safari ndefu. Aendaye kilomita tano kununua maji atakuwa ametumia dizeli tupu njia nzima, kwa kuwa kabla mafuta hayajapata joto amekwisha kufika. Yule mkazi wa jangwani anayeendesha kidogo hafaidiki na tangi la pili, ila labda katika safari zake mbili za mwaka.

Injini nayo huchaguliwa. Zinazovumilia ni za zamani zenye chumba cha awali, yaani mafuta huanza kuungua kwenye kichumba kidogo kabla ya kuingia kwenye silinda. Malkia wao ni OM617 ya Mercedes, silinda tano, lita tatu, iliyofungwa kwenye 300D za miaka ya 1976 hadi 1985. Pampu yake hulainishwa kwa oili ya injini, kwa hiyo haitegemei mafuta yanayopita ndani yake. Vani za Ford za dizeli za mwishoni mwa miaka ya 1980 zina injini kubwa yenye chumba cha awali pia, lakini pampu yake hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, na mafuta mazito au yenye maji huiua. Hata 2L na 3L za Haisi za zamani, ambazo fundi wa Afrika Mashariki anaweza kuzifungua akiwa amefumba macho, ni za kundi hili la chumba cha awali, na pampu zake zina udhaifu huo huo. Injini mpya za dizeli, zenye kompyuta na mgandamizo mkubwa mno kwenye paipu za nozeli, usizisogelee na dumu la mafuta ya chipsi. Bei ya nozeli zake hununua mafuta ya safari nyingi.

Aliyeitangaza habari hii kwa Wamarekani kuliko wengine ni Joshua Tickell. Mwaka 1997 alizunguka nchi hiyo kwa Winnebago ya dizeli iliyopakwa rangi za alizeti, akiomba mafuta machafu kwenye migahawa na kuyageuza kuwa dizeli ya mimea. Kitabu chake, From the Fryer to the Fuel Tank, kikawa mwongozo wa gereji nyingi za uani. Ninachotaka msomaji akione katika safari ile ni kile kilichokuwa nyuma ya gari: tela lenye mtambo wa kutengenezea mafuta. Tickell alijua kwamba gari la kulala halina nafasi ya kiwanda. Alikikokota kiwanda chake.

Kazi yenyewe ni hii. Unazungumza na mwenye mgahawa, ikiwezekana ule unaobadilisha mafuta mara kwa mara, kwa sababu yaliyokaangiwa mno yana tindikali nyingi. Unachota ya juu na kuacha tope la chini. Unayapeleka kwenye pipa na kuyaacha yatulie kwa wiki kadhaa, mahali pa joto, ili maji na makombo vizame. Kisha unayachuja kwa kitambaa, halafu kwa filta nyembamba ya maikroni tano au kumi. Halafu unapima maji: unatia kijiko cha mafuta kwenye kikaango cha moto, yakitoa mapovu na kupasuka-pasuka, bado. Maji ndiyo adui mkubwa kuliko uchafu, kwa sababu uchafu huziba filta na kukuonya, maji huzila pampu na nozeli kwa kutu bila kusema. Mwishoni unabaki na tope na makombo ambayo huruhusiwi kuyamwaga mtaroni.

Msafiri wa kilomita 3,000 kwa mwezi, kwa vani ile ile ya lita 12, anahitaji lita 360. Ni madumu 18 ya lita 20, zaidi ya kilo 330. Yatatulia wapi kwa wiki hizo? Chini ya kitanda, pembeni ya jiko, karibu na nguo? Waliofanikiwa kwa muda mrefu, karibu wote walikuwa na uwanja wa rafiki, ghala la ndugu au shamba la wazazi, mahali pa kurudi na kujaza. Walikuwa na nyumba, hata kama haikuwa yao.

Halafu soko likabadilika. Tickell alipokuwa barabarani, migahawa mingi ililipa ili mafuta yake machafu yaondolewe. Kijana mwenye madumu alikuwa msaada. Julai 2008 dizeli Marekani ilipanda hadi kupita dola 4.70 kwa galoni, na mafuta machafu yakawa na bei. Kampuni za ukusanyaji zikafunga mikataba na migahawa, mapipa yakatiwa kufuli, na polisi wakaanza kukamata wezi wanaoyanyonya usiku. Leo wanunuzi ni viwanda vikubwa kama Neste ya Finland, vinavyotengeneza dizeli na mafuta ya ndege kutokana na mafuta yaliyotumika na shahamu. Tarehe 28 Novemba 2023 ndege ya Virgin Atlantic iliruka kutoka London hadi New York kwa mafuta yasiyo na petroli, sehemu kubwa ikitokana na mabaki hayo. Mwenye vani anashindania dumu lake na shirika la ndege.

Sheria nayo haijasimama upande wake. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, haiyatambui mafuta ghafi ya mimea kuwa mafuta yaliyosajiliwa kwa magari ya barabarani. Uingereza imekuwa na moyo mkunjufu zaidi: tangu 2007 mtu anaruhusiwa kutengeneza au kutumia hadi lita 2,500 kwa mwaka bila kulipa ushuru wa mafuta. Kuhusu kulala, Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Grants Pass, iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala maeneo ya umma hata kama hawana pa kwenda, na tangu hapo mwenye kulala garini mjini ana sababu zaidi ya kuhofia kugongewa kioo kwa tochi.

Kuna hoja moja inayonigusa kuliko hizi zote. Gari la mtu mwingine likiharibika, yeye hupanda basi na kurudi nyumbani. Gari la mkazi wa vani likiharibika, nyumba yake ndiyo imeingia gereji. Fundi anafunga geti saa kumi na mbili jioni na kitanda chako kiko ndani. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuwa mwoga na injini yake kuliko dereva yeyote duniani. Kuitilia mafuta yenye maji ili kuokoa dola 60 ni kuliweka rehani paa lake.

Kwetu, mambo yameanzia pengine. Kwa wauza chipsi wengi wa mitaani karai halimwagwi, huongezewa tu. Mafuta ya bure ya Tickell yalitokana na wingi wa nchi inayotupa. Vilevile mafuta mengi tunayopikia yana mawese, na mawese huganda katika baridi ambayo alizeti ya Singida haiijali. Alfajiri ya baridi ya Makete au Limuru tangi la mawese lingehitaji jiko. Mafuta mbadala yaliyofanikiwa Dar es Salaam ni gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, kwenye bajaji na teksi. Imefanikiwa kwa sababu dereva anapanga foleni kwenye kituo, anajaza mtungi na kuendelea na kazi. Hakulazimika kugeuka kiwanda.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Anayetaka kuishi kwa nafuu garini achague gari ambalo fundi yeyote njiani analijua, aliegeshe mahali halali, aache upenyo wa hewa kila anapowasha jiko kwa kuwa monoksidi ya kaboni imewaua watu usingizini, na akiba yake aiweke kwa ajili ya gia na matairi. Anayetaka kusafiri kwa mafuta ya chipsi atafute kwanza uwanja, mapipa na mgahawa mmoja mwaminifu, kisha gari. Na ukienda kununua gari lenye tangi la pili, mwambie mwenye gari mapema kwamba unataka kuiwasha injini mwenyewe ikiwa baridi kabisa. Weka mkono juu ya injini kabla ya kugeuza ufunguo. Ukiikuta ina joto, ahirisha hadi kesho asubuhi, na akikataa, usinunue.